Kabla ya kumsomea mashtaka, muulizeni kilichomtoa kwao

Shemeji yangu wa Rombo alinipigia simu alfajiri, kabla sijawasha jiko. Vijana wa Kiethiopia walikuwa wamekutwa kwenye kihamba cha jirani yake, upande wa Tarakea, wamejilaza chini ya migomba. Mmoja alikuwa na homa kali. "Shemeji, njoo wewe unayejua mambo ya sheria," akaniambia, "maana hapa kuna watu wameanza kushika fimbo."

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule za msingi Moshi Vijijini mpaka nilipostaafu, na sasa ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kazi zangu nyingi ni za mirathi, matunzo ya watoto na ugomvi wa mipaka ya vihamba. Lakini huwezi kuishi mkoa wenye Holili na Tarakea, milango ya kuingilia kutoka Kenya, ukajiita mtu wa sheria, halafu usikutane na wageni hawa.

Nilipofika, mgambo alikuwa amewakalisha chini kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Kina mama wa pale walikuwa wamezitangulia fimbo: mmoja kaleta sufuria ya uji, mwingine mtori uliolala, mwingine kanga ya kumfunika yule mwenye homa. Nalitaja hili mapema kwa sababu nikizungumzia jinsi tunavyowatendea wanaokimbilia kwetu, kuna wanaodhani nawasema wanakijiji. Sivyo. Watu wa mpakani nawajua. Wanatisha kwa mdomo, kisha wanapika.

Nikamuuliza mtendaji, kijana mwenye heshima zake, kama kuna yeyote aliyewauliza hawa wenzetu wametoka kwao kwa sababu gani.

"Mama, hayo ni ya wakubwa," akajibu. "Mimi kazi yangu ni kuwashikilia mpaka gari lije."

Jibu hilo ndilo linaloniandikisha leo. Kijana yule hakusema uongo, alisema alichofundishwa. Lakini sheria haisemi hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998, katika kifungu cha 9, inamtaka mtu anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini. Ajitokeze kwa nani? Kwa ofisa aliyeidhinishwa, au kwa mlinzi wa amani wa mahakama, au kwa mtendaji wa kijiji. Cheo chake kimetajwa mle ndani. Bunge lilijua kwamba mtu anayekimbia vita hafikii kwanza wizara. Anafikia kijiji. Na kifungu hichohicho kinasema mtu anayedai ukimbizi asifungwe wala kuadhibiwa kwa sababu tu ameingia bila kibali, ilimradi amejitokeza kama sheria inavyotaka.

Kwa hiyo ile meza yenye daftari la wageni na muhuri wa kijiji, chini ya bati linalovuja, ni mlango halali wa kuombea hifadhi katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ni nani aliyekwenda kumweleza mtendaji hilo?

Gari lilikuja. Vijana wakapandishwa.

*

Mahakamani sisi wasaidizi wa kisheria haturuhusiwi kusimama kumtetea mtu. Nilikaa benchi la nyuma na ndugu wa mahabusu wengine. Nimekwishaona kesi za namna hii, na huwa zinakwisha haraka kuliko kesi ya mtu aliyeiba kuku. Shtaka linasomwa kwa Kiswahili: kuingia nchini bila kibali. Mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anatikisa kichwa kwenda chini. Inaandikwa kwamba amekiri. Kisha inatajwa faini ambayo hana hata senti yake moja, au kifungo. Basi. Anaitwa anayefuata.

Wakati mwingine mkalimani anapatikana, lakini mkalimani mwenyewe ni mshtakiwa mwenzake aliyeokota Kiswahili kidogo Nairobi, neno moja hapa, neno moja pale. Mtu huyo anamtafsiria mwenzake haki ambazo yeye mwenyewe hajaelezwa. Nimewahi kumwona mmoja anasomewa maelezo marefu, akageuka kwa wenzake wanane akasema neno moja tu, wote wakaitikia. Watu wanane wakawa wamekiri kwa neno moja.

Safari hii tulikuwa na bahati. Wakili kijana aliyekuwa pale kwa kesi nyingine alikubali kusimama bila malipo, akaomba mkalimani wa kweli atafutwe kabla washtakiwa hawajajibu shtaka. Hakimu alisikiliza, akaahirisha. Namshukuru kwa hilo. Tulimpata mama mmoja wa Kiethiopia anayepika kwenye mgahawa Arusha, ameolewa Usa River. Alikuja kwa Coaster na mwanawe mgongoni, akakaa na wale vijana, wakazungumza, na mimi naandika.

Nieleze walichosema, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Wengi wao hawakuficha kitu. Wametoka Hadiya, kusini mwa Ethiopia, wanakwenda Afrika Kusini. Mmoja ana mjomba mwenye duka Johannesburg. Nyumbani shamba limegawanywa kwa ndugu mpaka limebaki kama uwanja wa kuchezea bao. Baba kauza ng'ombe, mama kakopa, dalali kalipwa nusu, nusu nyingine italipwa akifika. Hawa hawakukimbia vita wala hawakudai hivyo. Wanatafuta kazi, kama watoto wetu wa Kilimanjaro wanavyotafuta kazi Dar, Nairobi na Omani.

Lakini alikuwamo mmoja, yule mwenye homa. Yeye hakutoka Hadiya na hakuwa akizungumza lugha ya wenzake. Walikutana njiani kwa dalali. Ametoka mkoa wa Amhara, kulikozuka mapigano kati ya jeshi na wanamgambo mwaka 2023. Shule yao ilifungwa. Kaka yake alichukuliwa usiku na watu wenye silaha, hakurudi. Wiki chache baadaye wakaja upande wa pili, wakimtaka yeye. Mama yake akampa pesa aliyokuwa nayo na kumwambia aende asikojulikana. Mama mkalimani alipofika hapo alinyamaza kidogo, akafuta uso kwa mtandio, akaendelea kutafsiri.

Nikamuuliza umri wake. Miaka 16. Kwenye karatasi alikuwa ameandikwa ana miaka 20. Hakuna aliyemuuliza, walimkadiria kwa macho.

Sasa nauliza, na nauliza kwa uchungu: huyu mtoto na yule wa duka la mjomba walikuwa wamekaa kwenye ukuta mmoja, wakapanda gari moja, wakaandikiwa shtaka moja. Nani angejua kwamba kisa chao ni tofauti kama hakuna aliyewauliza? Haki ya hifadhi haiandikwi usoni mwa mtu. Inapatikana kwa swali, kwa lugha anayoielewa, na kwa mtu mwenye subira ya kusikiliza jibu. Siku ile palihitajika nusu saa na nauli ya Coaster ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

*

Sisemi kila anayevuka mpaka apewe hifadhi. Nalisisitiza hili kwa sababu najua nitakavyojibiwa. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia na kumrudisha asiye na sababu. Ninachotaka ni kwamba tusimrudishe mtu wala kumfunga kabla hatujajua sababu yake. Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964, unakataza katika ibara ya 33 kumrudisha mtu mahali ambapo uhai wake au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaenda mbali zaidi, kwa sababu wazee wetu waliijua Afrika yao: ukasema mkimbizi ni pia yule anayekimbia mashambulizi, ukoloni, na matukio yanayovuruga vibaya amani ya nchi yake au sehemu ya nchi yake. Maneno yale "sehemu ya nchi yake" yana uzito. Addis Ababa inaweza kuwa shwari, ndege zinatua, mikutano inafanyika, na bado kijana wa kijijini Amhara akawa hana pa kulala salama.

Na hawa wa kutafuta kazi nao ni binadamu. Kuwa huna haki ya ukimbizi hakumaanishi kwamba unastahili kufa ndani ya lori. Juni 2012, katika wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, zaidi ya Waethiopia 40 walipatikana wamekufa baada ya kukosa hewa kwenye lori lililowabeba. Machi 2020, kule Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa zikakutwa maiti 64. Njia yao ni ileile: Moyale, Nairobi, kisha huku kwetu kwa njia za panya za Rombo, Holili au Namanga, halafu Babati, Dodoma, Iringa, Mbeya, hadi Tunduma. Wanapita katikati ya nchi yetu usiku, chini ya magunia, na tunawafahamu wanapokamatwa au wanapokufa.

Mwenye lori hukaa wapi wakati huo? Kizimbani simwoni. Namwona dereva mara chache, utingo mara nyingine, na bodaboda wa Rombo aliyelipwa elfu kumi kuwavusha. Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu 2008. Lakini kesi ya msafirishaji inahitaji shahidi, na shahidi mwenyewe ndiye tuliyemfunga. Mtu aliyefungwa kwa kusafirishwa atatoa ushahidi gani, na kwa moyo gani?

Kifungo chenyewe huwa hakina mwisho unaoeleweka. Mtu anamaliza miezi yake, halafu anabaki ndani kwa sababu hakuna nauli ya kumrudisha kwao. Januari 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipomtembelea Rais Magufuli Chato, ilitangazwa kwamba wafungwa wa Kiethiopia zaidi ya 1,700 wataachiwa warudi kwao. Nilifurahi siku ile, kisha nikakaa nikafikiri: zaidi ya watu 1,700! Je, ni wangapi kati yao waliwahi kuulizwa swali lile ambalo mtendaji wangu alidhani ni la wakubwa?

*

Kwa sisi wa Arusha na Moshi, kuna jambo jingine linalonifanya nisikubali kuambiwa kwamba mambo ya wakimbizi ni ya Kigoma, kwenye makambi.

Machi 1979 Waganda waliokuwa wamemkimbia Idi Amin walikutana hapa Moshi. Walitoka Dar, Nairobi, Lusaka, London, wakakaa hapa mjini wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Wiki chache baadaye, Aprili, Kampala ikaachwa na Amin. Mimi nilikuwa binti mdogo, na ninachokumbuka ni wazazi wakisimulia habari za wageni wenye suti waliokuwa wakitembea Moshi mjini jioni. Wale wageni walikuwa wakimbizi. Wanasheria, walimu, wanasiasa, maaskari, wote walikuwa wamelala kwa watu kwa miaka kadhaa. Miezi miwili baadaye, Mei 1979, Arusha ikapokea mkutano wa Afrika nzima juu ya hali ya wakimbizi barani. Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983 kwa namna nchi hii ilivyowapokea watu. Sifa ile haikuletwa kutoka nje; ilipikwa kwenye majiko ya watu wa kawaida.

Na kabla ya hapo kuna Tengeru. Kila anayekwenda soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi kununua ndizi na parachichi anapita jirani na makaburi ya Wapolandi, na wengi hawajui. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa Poland waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kupelekwa Siberia walitoka kupitia Uajemi, na maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki. Takriban 5,000 waliishi Tengeru kuanzia 1942, wengi wao wanawake na watoto, katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi. Walikuwa na shule, hospitali, kanisa na mashamba. Baada ya vita wengi hawakurudi kwao, kwa kuwa waliogopa utawala uliowekwa kule, na hakuna aliyewalazimisha kurudi. Wakahamia nchi nyingine polepole hadi miaka ya mwanzo ya 1950.

Najua ilikuwa serikali ya wakoloni iliyowaleta, na ardhi ilikuwa ya Wameru ambao hawakuulizwa. Wakoloni walewale mwaka 1951 waliwaondoa Wameru Engare Nanyuki kwa kuchoma nyumba, mpaka Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea watu wake. Historia hii haina mtu msafi upande wa watawala. Lakini nikiwa nimesimama kwenye makaburi yale naona jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa vimekaribiana, na ninajua kwamba huyu alikimbia akafika kwetu akapewa shule, daktari na kaburi lenye jina. Mtoto wa Amhara mwenye homa, aliyekutwa kwenye migomba ya Rombo, hastahili pungufu ya hapo.

Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, aliniambia baada ya ibada: "Mwalimu, wewe unawahurumia, lakini usalama je? Utajuaje kama huyo si gaidi?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mtu aliyehojiwa, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole na kisa chake kikaandikwa, serikali inamjua. Mtu aliyejificha chini ya magunia ya mkaa anajulikana na dalali peke yake. Anayetaka usalama atake mahojiano ya kweli, yenye mkalimani wa kweli. Tukimtisha kila mgeni kwa jela, mwema na mbaya wote watapita porini.

Mwingine akasema sisi wenyewe ni maskini. Ni kweli. Mwaka 1994 tulikuwa maskini zaidi, na bado mwishoni mwa Aprili watu takriban 250,000 wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24, na Ngara ikawapokea. Mwaka 2014 nchi hii ikawapa uraia Warundi takriban 162,000 waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu tangu 1972. Umaskini wetu haukututuma kufunga mlango wakati ule. Hata hivyo tusijidanganye: Desemba 1996 Wanyarwanda walewale waliambiwa waondoke wote ifikapo mwisho wa mwezi, na tangu Januari 2017 Warundi hawapokelewi tena kwa pamoja, bila kuhojiwa mmoja mmoja, kama ilivyokuwa. Nchi yetu imewahi kufanya yote mawili, na watoto wetu watasoma yote mawili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tunampeleka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, tunamwambia asitoke bila kibali, halafu tunalalamika kwamba anakula bila kulima. Nyarugusu ipo tangu 1996. Waliozaliwa mle wana watoto wao sasa. Jirani zetu Uganda, kwa sheria yao ya 2006, wanamruhusu mkimbizi afanye kazi na kutembea. Ningependa wabunge wetu wa Kilimanjaro na Arusha walisemee hili kwa sauti, maana hilo siyo la mtendaji wa kijiji. Hilo kweli ni la wakubwa.

Na anayedhani haya yanawahusu wageni peke yao, aisome hukumu iliyotolewa Machi 2018 na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapohapo Arusha. Mtu aliyezaliwa mkoa wa Mara alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kukamilisha taratibu za ndoa yake. Wakatilia shaka uraia wake, pasipoti ikachukuliwa, na mwaka 2014 akafukuzwa kupelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wake. Akaishi kwenye kipande cha ardhi kati ya mipaka miwili, pale Sirari, bila nchi. Mahakama ikasema alinyang'anywa uraia wake kiholela na kwamba kumfukuza kulikuwa kinyume cha haki. Alikwenda polisi kwa ajili ya harusi! Pale ambapo mtu anaweza kuondolewa bila kusikilizwa, hakuna anayelala salama, awe na jina la Kimarangu au la Kiluo.

*

Nirudi kwa mambo yanayowezekana hapa mkoani bila kusubiri bajeti ya mtu.

Watendaji wa kata na vijiji vya mpakani, Rombo yote, Holili, Longido upande wa Namanga, wafundishwe kifungu cha 9. Siyo semina ya hotelini ya siku nne. Asubuhi moja inatosha. Sisi wasaidizi wa kisheria tumechapa karatasi ya ukurasa mmoja. Juu ina maswali matatu: Unatoka wapi? Kwa nini uliondoka? Unaogopa nini ukirudi? Maswali hayo yameandikwa kwa Kiswahili, Kiamhari, Kisomali, Kirundi na Kifaransa. Mama wa mgahawani ndiye aliyetuandikia Kiamhari, kwa mkono wake, na hakutaka malipo. Chini kuna nafasi ya muhuri wa kijiji na tarehe, kwa sababu siku 7 zile zinahesabiwa, na mtu aliyejitokeza anastahili kuwa na ushahidi kwamba alijitokeza. Baadhi ya watendaji wameipokea vizuri. Yule kijana wa upande wa Tarakea aliomba nakala za vijiji jirani pia.

Mahakamani, mtu asijibu shtaka kabla hajapata mkalimani asiye mshtakiwa mwenzake. Kama hayupo mjini, apigiwe simu. Kesi ikiahirishwa kwa sababu hiyo, haijapotea.

Anayeonekana mdogo aitiwe afisa ustawi wa jamii kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na haikuongeza "isipokuwa akiwa Mwethiopia". Mtoto asilale na watu wazima mahabusu kwa sababu mtu amemkadiria kwa kumwangalia ndevu.

Na aliyemaliza kifungo aondoke siku kilipoisha. Ubalozi wao, shirika la wahamaji la kimataifa na idara zetu wapewe taarifa siku anapofungwa, siyo siku anapomaliza.

Kuhusu yule mtoto: hakimu aliagiza aonwe na ustawi wa jamii, umri wake ukarekebishwa, na ombi lake la hifadhi limeandikwa na kutumwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Homa ilikuwa malaria, imepona. Wenzake wa Hadiya wamehukumiwa. Kina mama wa jumuiya yetu tunawapelekea sabuni na sukari, na mmoja wao amepata namba ya mama yake tukampigia kumwambia mwanawe yu hai.

Tunachokosa sasa ni lugha. Kiamhari tunaye mtu mmoja, naye ana mtoto mchanga na kazi. Kioromo, Kitigrinya na Kihadiya hatuna mtu kabisa. Kama upo Moshi, Arusha, Boma Ng'ombe, Himo au popote nchini, na unazungumza mojawapo ya lugha hizo, au mkeo, mumeo, jirani yako anazungumza, niandikie hapa chini. Huna haja ya kusafiri. Simu inatosha, vocha tutatuma sisi.